PAMBA ILIYOMO NDANI YA NOTI

Kila mwaka, msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa, mkulima hupeleka mzigo wake kwenye ghala la chama cha msingi, hupimiwa, naye hatimaye hushika noti mkononi. Siku hizi wengi hulipwa kwa njia ya benki au ya simu, lakini fedha hiyo nayo mwisho wake mara nyingi huwa noti, kwani sokoni na dukani kijijini noti ndiyo ingali inazungumza. Katika mabadilishano hayo limo jambo ambalo hatudhani kwamba limepata kufikiriwa vya kutosha. Noti ile anayoipokea mkulima nayo ni pamba. Ametoa pamba, amepokea pamba. Ile aliyoitoa ilipimwa kwa kilo. Hii aliyoipokea imepimwa kwa tarakimu zilizochapwa juu yake.

Leo tungependa kuuliza pamoja na wasomaji wetu: je, pamba hiyo iliyomo ndani ya noti hutoka wapi? Swali hilo huenda likaonekana kuwa ni la udadisi tu, la kupigia soga kibarazani. Sisi tunaamini kwamba jibu lake lina funzo zito kwa nchi inayolima pamba, na hasa kwa mikoa hii ambayo zao hilo ndilo lililosomesha watoto na kuezeka nyumba kwa vizazi kadhaa.

Kwanza tuieleze karatasi yenyewe. Karatasi ya daftari, na hii ya gazeti alishikalo msomaji, hutokana na miti. Ndani ya mti mna gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi zake, na gundi hiyo ndiyo hulifanya gazeti ligeuke manjano na kuchakaa likikaa juani. Pamba haina kasoro hiyo. Zaidi ya asilimia 90 ya unyuzi wake ni selulosi, yaani kiini kile safi ambacho mtengeneza karatasi anakitafuta, na nyuzi zake hushikana kwa nguvu zinapopondwa majini. Ndiyo maana noti iliyosahauliwa mfukoni mwa shati hutoka nzima katika beseni la kufulia, hali karatasi ya kawaida ingekuwa uji. Wachapaji wa noti za Marekani husema kwamba dola ya karatasi huweza kukunjwa mbele na nyuma mara 4,000 kabla ya kuchanika. Dola hiyo ni asilimia 75 pamba na asilimia 25 kitani. Noti za euro ni pamba tupu. Noti zetu za shilingi nazo huchapwa juu ya karatasi ya pamba, na kazi hiyo hufanyika nje ya nchi.

Sasa, pamba yenyewe. Msomaji anaweza kudhani kwamba kuna mashamba yaliyotengwa kwa ajili ya noti, yenye pamba teule inayochumwa kwa uangalifu na kupelekwa moja kwa moja kwenye mitambo ya karatasi. Sivyo ilivyo. Tangu zamani karatasi ya noti imetokana na mabaki.

Hapo mwanzo mabaki hayo yalikuwa matambara. Huko Marekani, katika mji mdogo wa Dalton, jimbo la Massachusetts, mtu aitwaye Zenas Crane alianzisha kiwanda cha karatasi mwaka 1801, na malighafi yake ilikuwa nguo kuukuu. Alitangaza hadharani kuwaomba akina mama wa nchi ile wasitupe matambara yao bali wayahifadhi wamuuzie. Ukoo huo ndio uliopata mwaka 1879 kazi ya kutengeneza karatasi ya dola, na kiwanda hicho kimeendelea nayo mpaka leo. Nguo kuukuu zilipopungua ubora, vilifuata vipande vinavyobaki katika viwanda vya nguo, na kwa miaka mingi mabaki ya kitambaa cha jinzi yalikuwa sehemu kubwa ya karatasi ya fedha ya Marekani. Ilipofika miaka ya 1990 watengenezaji wa suruali walianza kuchanganya pamba na nyuzi zinazovutika kama mpira, ili suruali ikae vizuri mwilini. Nyuzi hizo haziwezi kutenganishwa na pamba kwa njia rahisi, na zikiingia katika karatasi ya noti huidhoofisha. Matambara ya jinzi yakakataliwa. Mtindo wa mavazi ya vijana ukawa umeifungia malighafi ya fedha mlango mmoja.

Siku hizi pamba ya noti hutoka hasa mahali pawili. Mahali pa kwanza ni kiwanda cha kusokota nyuzi. Kiwanda kinapotaka uzi mwembamba na laini wa kufumia mashati mazuri, hupitisha pamba katika mashine ya kuchana, ambayo hufanya kazi kama kitana katika nywele: nyuzi ndefu hupita, nyuzi fupi hubaki nyuma. Hizo fupi hazifai tena kwa uzi mwembamba, lakini zimekwisha kusafishwa barabara, na mwenye kutengeneza karatasi ya noti huzipenda mno. Mahali pa pili ni kwenye mbegu. Pamba ikisha kuchambuliwa, mbegu hubaki na manyoya mafupi yaliyoganda juu ya ganda lake. Manyoya hayo yakinyolewa kwa mashine hupata kazi nyingi, na karatasi bora ni mojawapo. Mabaki haya hupikwa kwa magadi makali chini ya mgandamizo, yakasafishwa, yakapondwa majini mpaka yawe kama uji, kisha yakatandazwa juu ya silinda la wavu lenye michoro, na hapo ndipo ile alama ionekanayo noti inapoinuliwa kwenye mwanga hupata kuzaliwa.

Funzo la kwanza liko hapo. Nyuzi fupi za kiwanda cha kusokota hazina nchi. Msokotaji huchanganya marobota ya nchi nyingi ili uzi wake uwe wa namna moja, na mchano unapotoka hakuna awezaye kusema hii ni ya Maswa na hii ni ya Texas. Kwa hiyo ukiuliza pamba ya noti hutoka wapi, jibu la kweli ni kwamba hutoka kwa mwenye kusokota. Mwenye kulima ametajwa katika mnyororo huo mara moja tu, mwanzoni, kisha jina lake likafutwa. Nchi inayouza pamba nyuzi yake ikiwa ghafi imeuza nguo itakayofumwa, imeuza na masalio yatakayobaki nguo hiyo ikifumwa. Hata makombo ya karamu yamekwenda pamoja na karamu.

Hali hiyo si ngeni kwetu. Katika karne ya 19, kabla noti haijajulikana katika nchi hizi, pamba ilikuwa fedha waziwazi. Kitambaa kigumu kilichoitwa merikani kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts na majirani zake, kikapakiwa katika bandari ya Salem, kikaletwa Unguja, na kutoka pwani wapagazi wakakibeba mabegani mpaka Unyamwezi na kandokando ya ziwa letu. Hongo ya mtemi ililipwa kwa kitambaa. Chakula cha msafara kilinunuliwa kwa shuka ya mikono minne na doti ya mikono minane. Pamba ya kitambaa hicho ililimwa kusini mwa Marekani na watumwa waliokuwa wana wa Afrika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipokatiza biashara hiyo, nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi, na babu zetu wakaendelea kutumia fedha iliyofumwa na wengine. Leo karatasi ya dola hutoka katika jimbo lile lile la Massachusetts. Kitambaa kimekuwa karatasi, wapagazi wamekuwa meli na ndege, lakini upande tuliosimama sisi haujabadilika sana.

Ukoloni ulipokuja ulitufundisha kulima pamba, wala haukutufundisha kusokota. Ulipoilazimisha kusini-mashariki, watu wa Umatumbi waling'oa miche ya pamba mwezi Julai 1905, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Huku kwetu zao lilishika mizizi kwa njia nyingine, na wakulima waliligeuza kuwa chombo chao. Ushirika wa Kanda hii ulizaliwa katika manung'uniko juu ya mizani ya wanunuzi. Wakulima walijikusanya, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika Shirikisho la Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambalo lilifika kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Baada ya uhuru vikajengwa viwanda: Mwatex hapa Mwanza, Mutex kule Musoma, Urafiki Dar es Salaam. Nia ilikuwa njema na hesabu ilikuwa sahihi. Yaliyofuata yanajulikana. Mitambo ilizeeka, umeme ukakatika mara kwa mara, mitumba na vitambaa vya bei ya chini vikafurika, na viwanda hivyo ama vilifungwa ama vilibaki vikisota. Mpaka sasa sehemu kubwa ya pamba nyuzi yetu huondoka nchini katika marobota.

Ili msomaji aone ukubwa wa jambo hili, tufanye hesabu ndogo. Noti moja ina uzito wa takriban gramu 1. Robota la pamba la kilo 200, tukiacha upotevu wa kiwandani, lingetoa karatasi ya noti zipatazo 200,000. Kama noti hizo zingekuwa za shilingi 10,000, thamani iliyoandikwa juu yake ingefika shilingi bilioni 2. Robota hilo limetokana na kilo 600 hivi za pamba mbegu, kwa kuwa theluthi moja tu ya uzito huwa nyuzi, na kilo 600 ni jasho la msimu mzima katika ekari mbili za mkulima wetu wa kawaida. Hatusemi kwamba mkulima adai bilioni 2. Thamani ya noti haimo katika pamba. Imo katika imani ya wananchi na sahihi za Benki Kuu. Tunachosema ni kwamba kati ya ghala la kijiji na noti iliyokamilika zipo hatua nyingi, kila hatua huongeza thamani, na sisi tumesimama kwenye hatua ya kwanza na ya mwisho tu: tunalima, kisha tunanunua. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Anayeunda ndiye anayelipwa.

Wapo watakaotujibu kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa maana noti zinageuka kuwa za plastiki. Ni kweli kwamba Australia ilitoa noti ya kwanza ya plastiki mwaka 1988, na kwamba Benki Kuu ya Uingereza ilianza mwaka 2016 na kukamilisha mwaka 2021, hata noti zake za mwisho za karatasi zikaacha kuwa fedha halali tarehe 30 Septemba 2022. Mwaka huohuo ilitangazwa kwamba kiwanda cha karatasi cha Overton kitafungwa, nacho kilikuwa cha kampuni iliyoanza kuitengenezea benki hiyo karatasi mwaka 1724. Hayo ni onyo kwamba soko la pamba ya noti halitatungojea. Hata hivyo Marekani na nchi za euro zingali zinatumia pamba. Na plastiki ya noti hutokana na mafuta ya petroli, ambayo nayo tungeyanunua nje. Kuhama kutoka pamba tunayoilima kwenda plastiki tusiyokuwa nayo hakungetupunguzia utegemezi hata kidogo.

Wapo pia watakaosema, kwa shauku nzuri, basi tujenge mara moja kiwanda chetu cha karatasi ya noti. Hapo tunashauri utulivu. Kiwanda cha namna hiyo ni cha gharama kubwa, kina siri nyingi za usalama, na mahitaji ya nchi moja kama yetu hayakishibishi. India, ambayo ni miongoni mwa wakulima wakubwa wa pamba duniani, ilifungua kiwanda chake cha karatasi ya usalama huko Hoshangabad mwaka 1968, miaka zaidi ya 20 baada ya uhuru wake, na bado ikaendelea kuagiza karatasi nyingi kutoka nje mpaka ilipojenga mitambo mikubwa zaidi huko Mysuru katika miaka ya 2010. India iliweza kwa sababu ilikwisha kuwa na viwanda vya kusokota kila upande. Karatasi ilikuja juu ya msingi uliokuwapo. Sisi tukianza na karatasi tutakuwa tumejenga paa kabla ya kuta, na tutajikuta tunaagiza mchano wa pamba kutoka nje ili kulisha kiwanda kilichozungukwa na mashamba ya pamba.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba juhudi ziwekwe kwenye kusokota. Kila mwekezaji anayeomba kibali cha kuchambua pamba aulizwe atasokota lini. Umeme wa uhakika na mikopo ya muda mrefu vielekezwe huko kwanza. Wenye viwanda vya mafuta ya mbegu waangaliwe pia: mbegu zetu nyingi hupita katika mashine zao zikiwa na manyoya yake, na manyoya hayo huishia katika mashudu ya ng'ombe. Kuyanyoa kwanza na kuyauza ni kipato ambacho hakidai ekari moja zaidi ya shamba.

Jambo la pili ni usafi. Kisa cha jinzi kimetuonyesha kwamba nyuzi chache ngeni ziliwafanya wenye kiwanda waachane na malighafi waliyoizoea kwa miaka mingi. Sasa tujiulize, ni nyuzi ngapi za viroba vya plastiki zimo katika marobota yetu? Mkulima anayechumia katika kiroba kinachomomonyoka, anayechanganya pamba fifi na pamba safi, au anayetia maji na mchanga ili mzigo uwe mzito, anadhani amemkomoa mnunuzi. Kumbe amelikomoa jina la pamba ya nchi nzima, nalo jina likishachafuka bei huteremka kwa wote, mwaminifu na mdanganyifu. Samaki mmoja akioza huoza wote.

Lakini haki haina upande mmoja. Mkulima hawezi kuhimizwa usafi na mtu ambaye mizani yake imechezewa. Maji ndani ya pamba na kidole juu ya mizani ni ndugu wa tumbo moja, na mmoja humzaa mwenzake kila msimu. Wakaguzi wa vipimo wafike vijijini wakati wa ununuzi, siyo baada yake. Bei ya pamba safi na ya pamba fifi zitofautiane kwa kiasi cha kumfanya mkulima aone faida ya kutenganisha. Ushirika wetu ulianzia kwenye mizani. Ukirudi kuilinda mizani utakuwa umerudi nyumbani kwake.

Kuna na nafasi mpya. Benki Kuu ya Ulaya imeweka utaratibu wa kutaka pamba ya noti za euro itokane na kilimo endelevu, ikiwa ni pamoja na kilimo hai kisichotumia dawa na mbolea za viwandani. Katika wilaya ya Meatu pamba ya kilimo hai imelimwa tangu miaka ya 1990. Kwa pamba hiyo jina la mkulima halifutwi, maana sharti lake ni kujulikana ilikotoka, hatua kwa hatua. Hii ndiyo njia mojawapo ambayo mkulima wa Simiyu anaweza kufuatana na pamba yake mbali zaidi ya ghala, na wenye dhamana ya zao hili hawana budi kuitazama kwa macho mawili.

Tena lipo la Jumuiya. Nchi za Afrika Mashariki zilitia saini mwaka 2013 itifaki ya umoja wa fedha. Lengo la awali lilikuwa sarafu moja ifikapo 2024. Mwaka huo umepita, na lengo limesogezwa mpaka 2031. Wataalamu wanajadili riba, nakisi za bajeti na makao ya taasisi, na wana haki. Tunaomba waongeze swali moja katika ajenda yao: noti za sarafu hiyo zitachapwa juu ya karatasi ya nani? Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilitupa noti zilizotengenezwa Uingereza, na watu hawakuulizwa. Safari hii tutaulizwa. Tanzania, Uganda na Kenya zote hulima pamba, na mahitaji ya nchi zote za Jumuiya kwa pamoja yanaweza kukibeba kiwanda ambacho nchi moja haikiwezi. Muda uliobaki ni wa kujenga kuta ili paa lipate pa kukaa.

Mwisho, neno kwa kila mmoja wetu. Noti inayokunjwakunjwa, inayoandikwa namba za simu, inayofungwa pindoni ikiwa na jasho na samli, hufa kabla ya siku zake, na nyingine hununuliwa nje kwa fedha za kigeni zilizotokana, kwa sehemu, na pamba. Noti ya shilingi 500 ilichakaa upesi kwa kupita mikono mingi hata ikabidi mwaka 2014 itolewe sarafu ya thamani hiyo. Anayeitunza noti anatunza jasho la mkulima mara mbili.

Pamba ya noti hutoka kwa wenye kusokota. Siku Kanda ya Ziwa itakaposokota pamba yake, huenda isitengeneze hata noti moja, na bado itakuwa na mashati ya kuvaa, nyuzi za kuuza, mchano wa kumpa mwenye karatasi na ajira kwa vijana wanaozurura Mwanza na Shinyanga. Mpaka siku hiyo tutaendelea kutoa pamba kwa kilo na kuinunua kwa tarakimu, na faida itabaki kwa walio katikati.